Kilio Kisicho na Marehemu

Juma lililopita, ndugu wasomaji, mliniacha na ngumi ya askari mlangoni mwangu. Baadhi yenu mmenisimamisha sokoni mkiniuliza kama nilikuwa shujaa. Someni wenyewe.

Kwa aliyekosa gazeti: tulikuwa tumepiga magoti sebuleni mwangu, katika kambi ya reli ya Kamina, watu wachache tu, tukisali. Kusali nyumbani bila ruhusa kulikuwa kosa. Kati yetu alikuwamo mwalimu Mukendi, mtu mwenye sauti ya besi ambayo Kamina nzima inaitambua. Chama kilitaka sauti hiyo iongoze animation, zile nyimbo na ngoma za kusifu wakubwa kabla ya kazi. Mukendi alijibu kwamba sauti yake alipewa na Mungu, na ataiimbisha pale anapotaka yeye. Tangu siku ile anatafutwa.

Ngumi ikagonga tena.

"Citoyen Mwila! Fungula!"

Citoyen Mwila, yaani mwananchi Mwila, ni mimi. Barabarani ninaitwa hivyo, kwa sababu majina ya ubatizo yamekatazwa. Ndani ya nyumba mke wangu Lucienne ananiita Gaston. Kizingiti cha mlango ndicho kinachonigawa.

"Gaston," akanong'ona Lucienne, "sema nao. Uko na ile maneno yako."

Ni kweli, nilikuwa nayo. Mimi ni mpakaji mafuta wa magurudumu ya mabehewa. Nina mvi, na bado kila jioni ninakwenda darasani, ninakunja magoti yangu chini ya dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto. Huko mwalimu Mukendi alitufundisha sentensi moja ya sheria: nyumba ya mwananchi haiingiliwi bila amri ya hakimu. Niliisema nikipaka mafuta. Niliisema nikioga, nikila bukari, ule ugali wetu, hata nikisali. Mabehewa yote ya Kamina yanaijua.

Nikasimama. Nikanyoosha shati. Nikamwomba Bwana anipe ujasiri, nikafungua kinywa ili sheria itoke.

Kilichotoka ni hiki:

"Tata yooo! Tata weee! Nimebakia peke yangu!"

Msiniulize kwa nini. Nafikiri Bwana alinipa maneno, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka pale aliponipatia. Nilikuwa chini ya meza.

Ngumi ilisimama.

Kisha nyumba ya pili ikajibu: "Yooo!" Na ya tatu. Wale mnaosoma mkiwa mbali lazima mjue: kwetu mtu akimlilia tata, yaani baba, namna ile, hakuna anayeuliza kwanza. Aliyesikia anaacha sufuria motoni, anachukua mkeka, anakuja kwenye kilio. Mambo mengine atayauliza akiwa ameshakaa.

Nilikuwa nimeita kambi nzima.

Wa kwanza kufika alikuwa mama Mbombo, jirani yetu. Mume wake ni askari kule Base, kambi ya jeshi, na yeye anauza samaki wakavu wa Mulongo mbele ya nyumba. Hakuna anayelia kama yeye. Watu wengine wamechelewesha mazishi wakimsubiri.

"Toka ku mulango, weye!" nikamsikia akimwambia askari. "Hausikie kilio? Bunduki ku kilio! Mama yako hakukufundisha?"

Hapo Lucienne aliona mlango unasukumwa. Mke wangu hasemi uongo, lakini mikono yake haikuapa kitu. Alivua kitenge chake kikubwa, akabaki na nguo ya chini yake, akamtupia mwalimu Mukendi kichwani, akamsukuma akae kwenye kona ambako wanawake watakaa. Mwalimu akakunja miguu. Ilikuwa mirefu, ikachukua muda.

Wanawake wakaingia wakilia. Wanaume wawili wakaanza kutoa viti na kabati uani ili watu wapate nafasi ya kukaa chini, kama inavyofanywa siku zote. Wakafika kwenye meza.

Wakaiinua, wakaondoka nayo.

Nikabaki nimechutama katikati ya sebule, mikono kichwani, kama kuku aliyenyang'anywa kiota. Viatu vya askari vilikuwa mbele ya pua yangu.

Alikuwa brigadier Bokungu. Mnamkumbuka: yule mkubwa kutoka upande wa Mbandaka, anayeongea Kiswahili chetu kama mtu anayevaa viatu vya ndugu yake. Alinitazama. Mimi nilitazama viatu. Kisha nikaona mkono unapanda, nikafunga macho.

Alikuwa anavua kofia.

"Pole, ndeko," akasema, yaani ndugu kwa lugha yao. "Nani njo alikufwa?"

"Mujomba."

"Mujomba gani?"

"Wa... wa Mulongo."

Mama Mbombo akaacha kulia palepale, kama mtu aliyefunga bomba. Samaki wake wote wanatoka Mulongo.

"Wa Mulongo? Jina yake nani?"

"Yule... wa samaki."

"Baba Mwila, kule bote ni ba samaki!"

"Yule murefu."

"Aaah! Murefu!" Akajipiga mapaja. "Yoo! Murefu yangu! Alikuwa ananipatiaka matabishi, kila mara samaki moja juu! Nani atanipatia matabishi sasa? Yooo!"

Ndivyo nilivyoua mtu ambaye sikujua kwamba yupo. Nilimwombea kimoyomoyo, popote alipo, azeeke mpaka achoke mwenyewe.

Askari wawili waliokuja na brigadier wakaegemeza bunduki zao kwenye ukuta wa jiko. Mtu akaleta gogo la moto uani. Brigadier Bokungu akakaa kwenye mkeka, karibu yangu. Akamgeukia Lucienne ili ampe pole. Lucienne hakujibu neno.

"Mama hana tena sauti," wanawake wakasema kwa huruma.

Sauti alikuwa nayo. Alikuwa ananitunzia mimi. Macho yake yalinionyesha bukari baridi mpaka sikukuu ya Pasaka.

"Ndeko," brigadier akaninong'onezea, "nikwambie kitu. Tulitumwa hapa kukamata bantu. Citoyen Kapenda, chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, alituambia: mu nyumba ya Mwila banalomba Mungu bila ruhusa, na Mukendi eko ndani. Kumbe ni kilio! Kapenda atasikia haya."

"Atasikia haya kabisa," nikasema.

Ndugu wasomaji, nilianza kujipongeza. Nilifikiri: Gaston, umeokoa mwalimu wako, umeokoa wazee wa kanisa, na hukusema hata kifungu kimoja cha sheria. Nilijiona nikisimulia habari hii darasani, nikiwa nimesimama, na mkono mmoja mfukoni.

"Ila nalomba kitu," brigadier akaendelea. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ku kilio, kulomba Mungu haikatazwe. Kama mutamulombea mujomba, mulombee na mama yangu."

"Mama yako anagonjwa?"

"Alikufwa. Kule kwetu."

Mama Mbombo akapunguza sauti. Wengine pia.

"Nilisikia habari, nikalomba ruhusa niende kumuzika," akasema. Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Bakubwa bangu balikatala. Mugeni wa Chama alikuwa anakuya na ndege. Balisema: Bokungu anajua kucheza, abakie. Siku ile banazika mama, minyi nilikuwa ku uwanja, nacheza. Nilicheza muzuri. Balinipigia makofi."

Hakuna aliyelia. Kilikuwa kilio, na hakuna aliyelia.

Nilitafuta neno la kumwambia. Katika kichwa changu chote kulikuwa na mjomba mrefu tu.

Ndipo Lucienne aliposimama.

Nilijua anachotaka kufanya. Nilinyoosha mkono nimvute kitenge ili akae. Hakuwa na kitenge. Kilikuwa kichwani kwa mwalimu.

"Brigadier," akasema, "hapa haina maiti."

"Namna gani, mama?"

"Haina mujomba. Bwana yangu aliogopa, akalia. Tulikuwa tunalomba Mungu. Bila karatasi, bila ruhusa ya muntu. Minyi siwezi kukuacha ulete mama yako mbele ya uongo."

"Na Murefu?" mama Mbombo akauliza.

"Eko muzima, mama."

"Muzima!" Akanigeukia. "Baba Mwila! Minyi nilisha kumaliza machozi yangu yote! Nilipanga nilie na ku kilio ya kesho, kule ku depo!"

Brigadier alikuwa ameshasimama. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga. Sikumlaumu.

"Mama," akamwambia Lucienne, "unajua kitu unanifanya? Kama sikujua, ningerudi tu. Sasa najua. Niko na kazi. Niko na batoto. Kapenda eko nyuma, anakuya."

"Najua."

"Sasa juu ya nini unaniambia? Sababu gani?"

"Nikuulize kwanza. Sasa hivi machozi ilikuwa mu macho yako. Ulilomba nani ruhusa?"

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kulia."

"Kulia hailombwake ruhusa!"

"Juu ya nini?"

"Juu..." Akashika kifua chake, hapo ambapo beji ya Chama imefungwa. "Juu ni mama yangu. Ni ya ndani. Nani ataniambia nilie ao nisilie?"

"Balikuambia ucheze."

Mkono wake ukashuka kutoka kwenye beji.

"Njo vile, brigadier. Kulomba kwangu ni ya ndani. Sauti ya Mukendi ni ya Mukendi. Balikuya kwako, bakachukua kulia yako, bakakupatia kucheza. Leo banakutuma uende kwa bengine uwachukulie ya kwao. Kama unataka kunifunga, nifunge. Ila usiniambie unakamata bantu ba hatari. Unakamata bantu sawa na weye."

Nimesoma darasani hotuba za watu wakubwa. Nakuambieni kweli, mke wangu, ambaye hajakaa hata siku moja kwenye dawati letu, hakutumia neno lolote gumu, na brigadier alikuwa bado anamsikiliza, kofia mikononi. Mimi mwanafunzi wa sheria nilikuwa bado nimechutama.

Filimbi ikalia uani.

Citoyen Kapenda aliingia kama anavyoingia siku zote, tumbo kwanza, halafu beji, halafu yeye. Abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Chama, ilikuwa imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alitazama meza na kabati uani, gogo la moto, wanawake wamejaa sakafuni.

"Brigadier! Nini hii? Ni kilio ao ni mukutano?"

Watu wote wakamtazama Bokungu.

Mimi nilitazama dirisha. Ninalijua lile dirisha. Nilishalipima siku za nyuma, kwa sababu zangu mwenyewe. Mabega yangu hayapiti.

Brigadier alisimama wima kama mtu anayetaka kupiga saluti. Kisha akaweka kofia chini. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu mbele kama wafiwa wanavyokaa, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Mama eee!" akalia. "Mama na ngai eee, mama yangu eee!"

Ndugu wasomaji, nimekwenda kwenye vilio vingi. Sauti ile sijawahi kuisikia. Ilikuwa imefungiwa ndani ya mtu huyo tangu siku ya makofi.

"Ni kilio," akasema alipoweza kusema. "Ya mama yangu, citoyen. Sikumuzika. Ninamulilia hapa, kwa bandeko yangu."

Mama Mbombo alikuwa amesema amemaliza machozi. Hiyo ilikuwa mara ya pekee kumsikia akikosea kuhusu kazi yake. Alijitupa kwenye mkeka, akamshika brigadier mabega, akalia mpaka kuku wakatoka uani. Wanawake wote wakaitikia. Nikalia na mimi, safari hii bila kudanganya mtu. Kilio changu kilikuwa kimepata marehemu wake.

Citoyen Kapenda akabaki amesimama peke yake, filimbi mkononi. Angefanya nini? Hata chef wa quartier ana mama. Watu walikuwa wanamtazama, na hapa Kamina anayepita kwenye kilio bila kukaa, siku yake ikifika atalala na mbwa wake tu. Akavua kofia. Akakaa, polepole, kwa ajili ya pasi.

"Pole, brigadier," akasema. "Sikujua. Basi, bamulombee mama. Leo nitaachilia. Ni kilio."

Mmesikia? Yeye mwenyewe alisema. Mzee Timothée wa kanisa letu, ambaye tangu ngumi ya kwanza hakuwa ameinua paji la uso kutoka sakafuni, akaomba hivyohivyo alivyokuwa, polepole:

"Vidye, Mungu wetu, tunaweka mbele yako huyu mama, tusiyemujua sura yake. Walimuzika na mutoto wake hakuwapo. Weye ulikuwapo. Musemeshe, umwambie mutoto wake alilia leo."

Kapenda alikuwa ameinamisha kichwa. Nikafikiri: tunasali, saa hii, nyumbani kwangu, hatuna karatasi yoyote, na aliyekuja kutukamata amefumba macho. Nikamshukuru Bwana. Nikamwahidi kwamba sitasema uongo tena, angalau mpaka mwisho wa juma.

"Amina," akasema mzee Timothée.

"Amina," sote tukajibu.

Na kutoka kona ya wanawake, chini ya sauti zile nyembamba zote, ikatoka moja kama treni ya mizigo inayovuka daraja:

"AAAMINA."

Mabati ya paa yakatetemeka.

Mwalimu Mukendi hajawahi kuacha sala ipite bila kuijibu. Ungemfunga mdomo kwa kamba, angejibu na kamba.

Kapenda akainua kichwa. Taratibu, kama mtu aliyesikia sarafu yake iliyopotea ikianguka.

"Mama gani ile?"

"Ni mama mugeni," mama Mbombo akasema haraka. "Ana mafua. Mafua mubaya sana."

"Mafua."

"Tangu ku mvua ya kwanza, citoyen."

Kapenda akacheka kidogo, akafunga kifungo cha abakosti.

"Brigadier. Toa ile kitenge."

Bokungu hakuinuka. Alijifuta uso kwa kofia yake.

"Leo niko mufiwa, citoyen. Mufiwa hafanyake kazi."

"Ni amri!"

"Ya kwanza niliifuata. Nilicheza. Leo niko ku kilio."

Askari wawili wakatazama bunduki zao kule kwenye ukuta wa jiko, kisha wakamtazama brigadier, kisha wakatazama moto. Wakapenda moto.

"Basi nitaitoa minyi mwenyewe," akasema Kapenda.

Akaanza kuvuka miguu ya wanawake, mkono wake mbele. Lucienne alinitazama. Hakunikasirikia safari hii. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri treni ambayo imechelewa lakini bado imeandikwa kwamba itafika.

Nikasimama. Magoti yakalia kwa sababu ya kuchutama. Nikajikuta kati ya Kapenda na kitenge, sijui nimefikaje pale. Nilifungua kinywa, na nakiri mbele yenu kwamba nilitegemea kusikia "Tata yooo."

"Nyumba ya mwananchi," nikasema, "haiingiliwi bila amri ya hakimu."

Sauti ilikuwa ya mbuzi. Lakini maneno yote yalikuwapo, kila moja mahali pake.

"Ku kilio uliingia kama muntu, citoyen," nikaongeza, na hayo sikufundishwa na mtu. "Ikala kama muntu. Ukitaka kukamata, toka inje, ulete amri ya hakimu. Iko wapi?"

Kapenda akasimama. Hakuwa na amri. Nilimwona akitazama viatu vyake, akiona kwa mara ya kwanza kwamba viko juu ya mkeka wangu. Akarudisha mkono wake nyuma.

Nikamtazama Lucienne. Alikuwa anatabasamu. Ndugu wasomaji, ningekufa saa ile ningekufa nimenona.

Kisha Kapenda akatabasamu pia.

"Muzuri," akasema kwa upole. "Muzuri sana. Mupaka mafuta anajua sheria. Anaisema kama kitabu." Akasogea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya abakosti yake. "Ile maneno haitoke ku mabehewa, Mwila. Nani alikufundisha?"

Katika jioni zote zile za masomo, hakuna aliyenifundisha kunyamaza. Lakini nilinyamaza. Niliuma meno yangu, nikamwomba Bwana ayafunge kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa anayajua.

Nyuma yangu nikasikia kitenge cha Lucienne kikianguka sakafuni, na mtu mwenye miguu mirefu akisimama.